Mwaka Mama Alipodaiwa Pesa za Paa

Mwaka 2011 mama yangu alikuwa amepanga chumba cha ushonaji katika jengo kongwe la Mombasa, na kwa miaka tisa hakuwahi kupitisha tarehe 5 bila kulipa kodi. Hakuwa na mkataba wa maandishi. Alikuwa na makubaliano ya mdomo na kitabu cha risiti chenye jalada la kijani, alichokitunza katika droo ya cherehani pamoja na mkasi na chaki.

Masika ya mwaka huo mvua iliingia kupitia mabati yaliyoliwa na kutu. Nakumbuka beseni la samawati katikati ya chumba na gauni la bibi harusi lililofunikwa kwa nailoni, na hata hivyo tone moja likapenya na kuacha alama ya rangi ya chai kwenye mkono wa gauni. Mama alikesha akiisugua kwa ndimu na chumvi.

Mafundi walikuja mwezi wa Julai, wakaezeka upya kwa siku nne. Wiki iliyofuata ajenti wa mwenye nyumba alitugawia karatasi ya nusu ukurasa, isiyo na sahihi, iliyosema kwamba kuanzia Agosti kila mpangaji angelipa Sh 3,500 juu ya kodi yake, zikiwa ni "mchango wa ukarabati", na kwamba asiyelipa afunge biashara. Kodi yetu ilikuwa Sh 9,000. Mama alianza kuhesabu ni magauni mangapi angepaswa kushona zaidi, na jambo hilo liliniuma kuliko karatasi yenyewe, kwa sababu alikuwa akijiandaa kulipia paa ambalo si lake.

Aliyetuzindua ni mzee muuza viatu wa mlango wa pili. "Mwanangu," aliniambia, "mama yako asilipe, lakini pia asinyamaze. Ukinyamaza, umekubali."

Alikuwa akizungumzia Sura ya 301 ya sheria za Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1965 na inayowalinda wapangaji wa maduka na wa vyumba vya kutolea huduma, hasa wale wasio na mkataba wa maandishi. Mwenye nyumba anayetaka kuongeza kodi anatakiwa kutoa notisi kwa fomu maalumu, na notisi hiyo haianzi kufanya kazi kabla ya miezi miwili kupita. Mpangaji asiyekubali hupeleka malalamiko yake kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara kabla ya tarehe iliyotajwa, na akifanya hivyo mabadiliko husimama hadi baraza liamue. Paa na kuta kuu, pasipo mkataba wa maandishi, ni jukumu la mwenye nyumba. Sisemi kwamba aliyetumia fedha kuezeka hana haki ya kuomba kodi ya juu zaidi. Anayo, ila aiombe kwa njia hiyo, mbele ya watu wanaoweza kupima kama kiasi anachotaka ni cha haki.

Niliandika malalamiko kwa mkono wangu, mama akatia sahihi. Ajenti alikataa kupokea Sh 9,000 bila ule mchango, kwa hiyo kila mwezi fedha ziliingia kwenye bahasha yenye tarehe. Majirani wawili walikuwa wamekwisha lipa, nao hawakutaka kuungana nasi; waliogopa kufukuzwa, na siwezi kuwalaumu.

Shauri lilisikilizwa Oktoba. Ajenti aliulizwa notisi iko wapi, akatoa ile nusu ukurasa. Baraza lilisema hiyo si notisi, na kodi ikabaki Sh 9,000.

Jioni ile ajenti alipita dukani. Mama alimkabidhi bahasha tatu, akafungua kitabu cha kijani juu ya meza ya kukatia vitambaa, akamsimamia mpaka akaandika risiti tatu, Agosti, Septemba na Oktoba, kila moja ikiwa na neno "kodi" peke yake.