Kioo cha mbele cha Volkswagen kobe: utepe huvishwa mezani

Kwenye Volkswagen ya mgongo wa kobe, utepe wa alumini unaozunguka kioo cha mbele huvishwa kwenye raba kioo kikiwa bado mezani. Naanza na hilo kwa sababu karibu kila fundi niliyemuuliza hapa Dar aliniambia kinyume chake: "Kioo kwanza bosi, urembo tutaupachika mwisho." Wamezoea mabasi na malori, ambako kioo kinakaa kwanza na kipande cha kukazia kinasukumizwa mwishoni. Kile ni raba, kinapinda utakavyo. Utepe wa kobe ni alumini nyembamba yenye kingo zilizokunjwa, na kioo kikishakaa, bodi inaibana raba mpaka mfereji wake unafumba.

Nimeona kwa macho kinachotokea. Gari lilipotoka kupigwa rangi, fundi mmoja alifunga raba na kioo bila shida yoyote, nikaanza kumsifu moyoni. Kisha akashika utepe na bisibisi bapa. Upande wa juu ukaingia nusu. Alipofika kona, nusu ile ikachomoka. Akaleta grisi, akapaka mfereji mzima. Utepe ukaanza kuteleza kutoka upande huu anapokaza ule. Akaja na nyundo ya raba, akaugonga kona ya chini ya dereva, alumini ikapata kunyanzi ambayo mpaka leo ukiitazama vizuri utaiona. Mdomo wa raba ukachanika kama urefu wa kidole. Mwisho ncha ya bisibisi ikagusa ukingo wa kioo, ikasikika "tik", na ufa ukapanda polepole kutoka kona kuelekea katikati huku sote tukiutazama. Akafuta mikono, akasema ufa huo ulikuwepo tangu zamani.

Basi nikaamua kazi nitaifanya mwenyewe uani.

Kwanza, kununua. Usimsikilize muuzaji anayekwambia "Volkswagen ni Volkswagen". Kioo cha mbele kilikuzwa na kupindwa kidogo kuanzia modeli ya 1965, zile zilizotoka kiwandani tangu Agosti 1964. Za kabla ya hapo zina kioo kidogo, bapa kabisa. Kobe aina ya 1303, ya kuanzia modeli ya 1973, ina kioo kilichobinuka sana na raba yake ni nyingine. Langu ni la 1969, na kobe wa kawaida waliendelea kutumia kioo cha saizi hiyo miaka mingi, Mexico mpaka 2003, ndiyo maana bado kinapatikana kipya. Chukua chenye tabaka mbili na plastiki katikati. Changu kilinitoka laki mbili na ushee. Raba niliagiza Afrika Kusini, nauli ikawa karibu sawa na bei yake. Raba nazo ni aina mbili, yenye mfereji wa utepe na isiyo nao, na kwenye picha zinafanana. Omba picha ya raba ikiwa imekatwa upande, uione mifereji mitatu: wa kioo, wa bodi, na wa utepe kwa nje.

Kutoa cha zamani ni kazi ya wembe. Kata mdomo wa nje wa raba kuzunguka kioo chote, sukuma toka ndani kwa viganja. Utepe usiuvute, chana raba uutoe wenyewe, maana alumini ile ikishapinda kona hairudi.

Chini ya raba ndipo penye gari lenyewe. Huku pwani, kona mbili za chini ndizo huliwa na kutu, kwa sababu maji ya chumvi hutuama humo na raba huyafunika yasikauke. Kwenye langu aliyetangulia alikuwa amejaza silikoni ile yenye harufu ya siki. Ile siki ni asidi: inakula bati, na rangi haishiki palipobaki hata ukungu wake. Ikwangue yote. Nilipiga brashi ya waya, msasa namba 80, dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, kisha praima na rangi. Palipotoboka panataka kuchomelewa bati jipya. Puti pale haidumu, ukingo ule unabeba kioo. Acha rangi ikauke siku kadhaa, la sivyo raba itaibandua siku ya kwanza.

Utepe ulikuwa umefifia, na ukiusugua hauchangamki. Sababu ni ngozi ngumu iliyowekwa kiwandani juu ya alumini. Magadi makali ya kuzibulia mabomba, yaliyochanganywa na maji, huitoa kwa dakika chache. Vaa glavu na miwani, fanyia nje, usitumie chombo cha alumini, na ukiona povu linachemka kwa fujo suuza haraka, kwani sasa yanakula utepe wenyewe. Halafu msasa wa maji namba 600, 1000, 2000, na dawa ya kung'arishia. Unang'aa vizuri ajabu, ila tangu hapo utaupaka nta mara kwa mara, kwa sababu kinga yake umeiondoa.

Sasa mezani. Tandika blanketi, laza kioo, vika raba kuanzia kona, kwa sababu kona zake zimeshaumbwa tayari na zikikaa kombo pande nazo zitakuwa na mawimbi. Raba iachwe juani kwanza mpaka ilegee. Kisha ujanja ambao hakuna aliyeniambia: laza kamba nyembamba ya nailoni ndani ya mfereji wa utepe, ncha itokeze. Paka sabuni ya maji. Chomeka ukingo mmoja wa utepe chini ya mdomo wa ndani, ubonyeze ulale, halafu vuta kamba taratibu. Inaunyanyua mdomo wa pili na kuurusha juu ya ukingo wa alumini. Hakuna bisibisi wala nyundo. Utepe ni vipande viwili, vinakutana katikati juu na chini, na maungio yanafunikwa na vibanio vidogo. Vitelezeshe kabla hujamaliza upande wa pili. Ukimaliza, funga teipu ya karatasi kuzunguka utepe na kioo sehemu kadhaa, vinginevyo utaruka pale raba itakapokunjwa wakati wa kuingiza.

Kuingiza kunataka watu wawili. Kamba ya milimita 4 au 5, urefu wa mita nne hivi, inalala kwenye mfereji wa bodi, ncha zipishane katikati chini kiasi cha dhiraa. Kitambaa cha dari kiwe kimeshagundishwa na kukunjwa juu ya ukingo wa bodi, maana raba ndiyo itakayokibana. Pakaa sabuni ya kuoshea vyombo kwenye ukingo wote. Grisi na mafuta ya injini usiyasogeze, yanavimbisha raba na kuilainisha vibaya.

Wa nje anashika kioo, anakikalisha chini kwanza. Wa ndani anavuta kamba kuelekea katikati ya kioo. Akivuta kwa kufuata ukingo inachana mdomo. Kiganja cha nje kipige palepale kamba inapotoka, si mbele yake. Chini, kona, pande, juu mwisho. Kona za juu zikigoma, usiongeze nguvu. Sabuni zaidi, na mpini wa kijiko cha plastiki kuusaidia mdomo. Mwenzangu alitaka kuegemeza goti. Kioo cha tabaka mbili kinavumilia kiganja kipana lakini ukikikunja kidogo tu kinapasuka.

Gundi ya kuzuia maji naiweka baadaye, ile isiyokauka ikawa ngumu, chini ya mdomo wa nje upande wa bodi. Kabla ya hapo acha sabuni ikauke. Jaribu kwa mpira wa maji wenye msukumo mdogo, ukianza chini ukipanda, mtu ndani na tochi; ukianza juu hutajua maji yanaingilia wapi. Waipa zirudishwe mwisho, na raba zake ziwe mpya, maana za zamani zina mchanga.

Kioo cha nyuma hufungwa vivyo hivyo kwa kamba na utepe, ila hicho hakina plastiki katikati. Ukikigonga ukingo kinapukutika chote punje punje, na punje hizo utaendelea kuziokota chini ya kiti mwaka mzima.