Nilivyoipata kadi halisi ya Grant Fuhr

Mwanangu ana miaka 11 na ni golikipa wa timu ya hoki ya barafu ya mtaani kwetu, hapa Edmonton, Kanada. Jioni moja nikimfungua pedi za miguu akaniuliza, "Baba, yupo golikipa mweusi aliyewahi kuchukua kombe?" Mimi nimekulia Buyenzi, Bujumbura, na mchezo wangu ni soka. Sikuwa na jibu. Jirani yetu ndiye aliyenitajia jina: Grant Fuhr, tena alidakia timu ya mji huu huu.

Usiku ule nilimsoma hadi saa saba. Alizaliwa mwaka 1962, akalelewa Spruce Grove, magharibi mwa Edmonton, na wazazi wazungu waliomchukua akiwa mchanga. Mwaka 1981 timu ya Edmonton Oilers ilimchagua, akiwa wa 8 kuitwa kati ya vijana wote ambao timu za ligi ziliwachagua kwa zamu mwaka ule. Msimu wake wa kwanza alidaka mechi 48 na kupoteza 5 tu. Lakini kilichonigusa zaidi ni fainali ya 1984. New York Islanders walikuwa wamebeba Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu Amerika Kaskazini, miaka 4 mfululizo. Fuhr akaenda kucheza mechi ya kwanza nyumbani kwao, na hawakumfunga hata moja: 1-0. Oilers wakalichukua kombe, naye akawa mchezaji mweusi wa kwanza kulitwaa. Baadaye yakaongezeka mengine 4.

Nikaamua kumtafutia mwanangu kadi ya kwanza ya Fuhr, yaani kadi ndogo yenye picha ya mchezaji ambayo mashabiki hukusanya, iliyotolewa na kampuni ya O-Pee-Chee msimu wa 1982-83, enzi zile kadi zikiuzwa kwenye pakiti pamoja na chingamu.

Ya kwanza niliinunua mtandaoni kwa haraka, na ilikuwa nakala. Iliniuma, maana mtoto alikuwa ameshaifurahia. Nikaipeleka kwa mzee mmoja mwenye duka la kadi za zamani, akanipa kioo cha kukuzia na kuniambia nitazame herufi za jina. Zilikuwa vidoti vidogo vidogo. Kwenye kadi halisi wino wa herufi umejaa, haukatiki. Akanionyesha na kingo. O-Pee-Chee walikuwa wakikata karatasi zao kwa waya, kwa hiyo kadi zao nyingi zina kingo zenye nyuzinyuzi, kama mkate uliokatwa kwa kisu butu. Kingo laini peke yake si ushahidi wa ughushi, alisema, ila zikiambatana na vidoti, usitoe pesa.

Nilirudi kwake mara tatu kabla ya kupata moja ya kweli. Pembe moja imekunjika kidogo, ndiyo maana bei yake niliimudu. Kwangu kunjo lile si hasara: kuna mtoto aliyeishika kabla ya wangu. Niliiingiza kwenye kimfuko laini cha plastiki, kisha kwenye kasha gumu, nikaiweka mbali na dirisha kwa sababu jua hufifisha rangi.

Nyuma ya kadi maandishi ni ya Kiingereza na Kifaransa. Mwanangu alisoma upande wa Kiingereza, nami nikamsomea Kifaransa, lugha niliyofundishwa shuleni.

Sikumficha yaliyofuata. Nilimweleza kwamba mwaka 1990 ligi ilimfungia Fuhr kwa sababu ya dawa za kulevya, na kwamba aliporudi Februari 1991, mechi yake ya kwanza hakufungwa. Nikamweleza pia kuhusu timu yake ya baadaye, St. Louis, msimu wa 1995-96, alipocheza mechi 79 akiwa na miaka 33, na kuhusu mwaka 2003, alipokuwa mchezaji mweusi wa kwanza kuingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa hoki, wanakoenziwa wachezaji bora.

Akanyamaza kidogo. Kisha akaomba kioo cha kukuzia, akaanza kuzikagua herufi mwenyewe.