Filamu Niliyozungushia Kalamu

Binti yangu amebandika ukutani ratiba ya tamasha la filamu la Zanzibar, na kila mgeni lazima aoneshwe alizoziwekea alama. Jana kaniuliza, "Baba, ile filamu uliyoifuata wewe inaitwaje? Niitafute."

Nikajifanya natafuta miwani.

Ilikuwa 2006, mwaka ule wa mgawo wa umeme. Nilikuwa nakusanya viingilio kwenye kibanda umiza kimoja pale Majengo, Moshi, na nauli nilipewa na Kombe la Dunia. Zidane alipompiga Materazzi kichwa, mimi nilikuwa mlangoni nahesabu sarafu; nilisikia ukelele tu. Ratiba niliikata gazetini nikaiweka chini ya godoro. Filamu moja niliizungushia kalamu hadi karatasi ikatoboka, na kila usiku niliitunga kichwani kutokana na jina lake tu.

Safari haina maneno mengi. Basi kutwa nzima, benchi la Ubungo, boti, matapishi. Jioni nikakaa kwenye ngazi za mawe za Ngome Kongwe, lile joto la Unguja likanilegeza mifupa iliyozoea kipupwe cha Moshi, taa zikazimwa. Niliposhtuka, watu walikuwa wanapiga makofi na kujikung'uta vumbi.

Niliporudi Moshi, siku ya pili tu umeme ukakatika kibandani, na jenereta halina mafuta. Watu wamejikunyata kwenye makoti, wameanza kudai hela zao. Mwenye kibanda akanisukuma mbele. "Haya, msafiri, tusimulie ya Zanzibar. Hela hairudi hapa."

Nikasimama mbele ya televisheni iliyozimika, kibatari miguuni. Nikaanza na mama muuza samaki. Nikampa mtoto aliyepotea, nikampa deni, nikampa jahazi bovu. Muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe. Nilipomzamisha yule mama, dada mmoja akasema, "Aa, hapana!" Basi nikamwokoa, ingawa sikuwa nimepanga, nikatafuta mtumbwi haraka haraka. Katikati ya mawimbi umeme ukarudi, televisheni ikanguruma, na mtu wa nyuma akafoka: "Zima hiyo kwanza, amalize!"

Ikazimwa.

Mpaka leo sijaitafuta filamu yenyewe. Jina lake nalikumbuka herufi kwa herufi. Binti nimemwambia nimelisahau.