Nilivyozielewa IP, DHCP na DNS kwa kuvuruga mtandao wangu mwenyewe

Rafiki mmoja alinishauri niandike vifupisho vyote vya mtandao kwenye daftari, niwe navisoma kabla ya kulala. Nikakariri. DHCP nikaijua herufi kwa herufi, ila ungeniuliza inafanya kazi gani ningekukodolea macho tu.

Mwalimu wangu wa kweli ni ruta kuukuu, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani. Wi-Fi haikufika chumba cha nyuma, nikavuta waya kutoka ruta kubwa na kuuchomeka kwenye hiyo kuukuu, tundu la LAN, yaani la vifaa vya ndani ya nyumba. Mawimbi yakajaa! Ila intaneti ikawa ya kubahatisha: simu hii inapata, ile haipati, kesho yake zimebadilishana. Kila niliyemuuliza jibu lake lilikuwa moja, zima uwashe. Ubaya ni kwamba mara nyingine ilikubali, kwa hiyo nikazima na kuwasha karibu wiki mbili kama mpiga ramli.

Siku moja nikaziweka pamoja simu inayopata na isiyopata, nikafungua maelezo ya Wi-Fi. Moja ilisoma 192.168.1.14, nyingine 192.168.0.102. Tazama fungu la tatu la namba. Lango nalo, huku 192.168.1.1, kule 192.168.0.1. Hapo daftari langu likafufuka. IP ni anwani ya kifaa, lango ni mlango wa kutokea, na DHCP ni karani anayegawa anwani na kuonyesha mlango ulipo. Mimi nilikuwa na makarani wawili, na yule wa ruta kuukuu alikuwa akiwapeleka watu kwenye mlango wa ruta yake isiyo na intaneti, mlango uliozibwa kwa ukuta! Kila nilipozima na kuwasha, nilikuwa nabahatisha tu karani gani atawahi kujibu.

Sasa nikajiona mhandisi. Badala ya kumwondoa karani wa pili, nikajaza anwani kwa mkono kwenye kompyuta: 192.168.1.14. Ndiyo, ileile ya simu, cheka tu. Vikaanza kunyang'anyana. Nikaweka 200 mwishoni, na sehemu ya DNS nikaiacha wazi kwa sababu sikuona umuhimu wake. Nikatuma pingi, ujumbe mfupi wa kupima kama njia iko wazi, kwa 8.8.8.8, anwani ya Google; majibu yakarudi bila shida. Nikafungua tovuti, kimya. Kumbe DNS ndiyo inayogeuza jina la tovuti kuwa namba, na mimi nilikuwa nimemfukuza mkalimani.

Dawa yenyewe ilikuwa ndogo: ruta kuukuu nikaipa 192.168.1.2, nikazima DHCP yake, kompyuta nikaiacha ijichukulie anwani yenyewe. Ukikuta kifaa chako kina anwani inayoanza na 169.254, jua karani hakujibu kabisa, kimejipa namba chenyewe. Na kabla hujagombana na mtu kuhusu kasi ya intaneti, gawa kwa 8: Mbps 100 ni megabaiti 12.5 kwa sekunde, kwa kuwa b ndogo ni biti, na biti 8 ndizo baiti moja.

Wale wa zima-uwashe, hadi leo wanadai ushauri wao ndio ulioniponya.