Siku yangu moja na kishetani cha mbao (Alhamisi, masika)

Saa 10:30 alfajiri
Sijanawa uso bado, naenda moja kwa moja jikoni kufunua ndoo. Chini yake kuna kishetani changu, kinyago kidogo cha mbao, kinaenea kiganjani, sikio moja limening'inia mpaka begani na tumbo la njano nililolipaka jana usiku. Nakifunika na ndoo kwa sababu ya vumbi na vile vinzi vidogo, kikishanasa kimoja kwenye rangi mbichi ukikitoa kinaacha alama. Nagusa chini ya unyayo tu, pale ambapo hapaonekani. Bado inanata! Kiangazi ingekuwa imekauka toka usiku, ila masika Dar hewa yote ni maji. Basi asubuhi hii hakuna kupaka, chai na safari.

Saa 12 asubuhi
Mwendokasi kutoka Kimara, nimesimama mpaka Kariakoo.

Saa 2 asubuhi
Kazini, duka la dawa. Kazi yangu naipenda na mikono yangu imefundishwa hapa, ukishahesabu vidonge mia kadhaa kwa siku bila kuangusha kimoja mkono unatulia wenyewe. Vifuniko vya chupa za dawa zilizokwisha naomba naenda navyo nyumbani, ndo visahani vyangu vya kuchanganyia rangi, na bomba la sindano la ml 2 ndo napimia tina ya kulainishia rangi, tone kwa tone. Tone moja likizidi rangi inakimbilia kwenye nyuzi za mbao na kinukta ninachopaka kwa kijiti kinageuka doa, likipungua kinukta kinavuta mkia ukiinua kijiti.

Saa 7 mchana
Badala ya kukaa kula nakimbia duka la hadiwea mtaa wa nyuma kuchukua kopo dogo la nyekundu. Kaka muuzaji kaniuliza, dada unapaka baiskeli? Nikamwambia hapana ila hujakosea, maana rangi za baiskeli ndo Edward Saidi Tingatinga alianza nazo kule Oysterbay miaka ya 1960 mwishoni, anachora wanyama juu ya hadibodi, akafariki 1972 na mpaka leo watu wanachora kwa mtindo wake. Kaka akasema alikuwa hajui kabisa, akanichagulia kopo ambalo halijaganda juu.

Saa 11 jioni
Nampigia mzee wangu wa Mwenge, ndiye anayenichongea. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, kimekauka? Bado. Akaniambia nikisimamishe, kikilala rangi itajikusanya upande mmoja. Yeye mwenyewe ni mtu wa mpingo, na mpingo haupakwi rangi, unapigwa msasa mpaka ung'ae, lakini mimi ananichongea kwa mbao laini nyeupe na hajawahi kunidharau hata siku moja. Nilimwonyesha kwenye simu picha za kazi za George Lilanga, Mmakonde mwenzake aliyefariki 2005, yale mashetani ya pinki na kijani yenye masikio makubwa, akacheka kwa furaha akasema haya, tuyavalishe.

Saa 2 usiku
Nimefika, nimeloa. Mama hapendi jina hilo, shetani ndani ya nyumba, na namwelewa. Kila mara namweleza upya kwamba hawa ni viumbe vya hadithi za Wamakonde, wa porini, wengine wana jicho moja, wengine wanachekesha tu. Anasikiliza. Halafu anasema kisikae karibu na msala wake, na mimi nimekipangia kona ya jikoni.

Saa 3 usiku
Nagusa unyayo. Pakavu! Roho ikatulia.

Leo ni macho, na macho ndo kila kitu, kabla ya macho una kipande cha mbao chenye rangi, baada ya macho kuna mtu anakutazama. Weupe niliuweka juzi. Sasa nachovya kijiti cha meno kwenye nyeusi, nafuta pembeni, naegemeza kidole kidogo mezani, nabana pumzi, nagusa mara moja na kuinua wima. Kinukta cha jicho sikiweki katikati, nakisogeza juu kidogo ndo kishetani kinaonekana kama kimesikia jina lake likiitwa. Kinukta kimekaa duara, hakina mkia. Nimekaa nakiangalia dakika nzima.

Vanishi sipulizi mpaka mvua iishe. Mwezi uliopita nilipuliza siku ya manyunyu, ukungu mweupe ukatanda juu ya nyeusi yote, nikapiga msasa ukaondoka pamoja na sikio nililolipaka wiki mbili, iliniuma sana.

Saa 5 usiku
Mkono umeanza kuchoka, natingisha vidole havitulii. Jicho la kulia linatazama, la kushoto bado jeupe, litalala hivyo. Naosha kijiti, nakisimamisha kishetani kama mzee alivyosema, nafunika ndoo.

Mama amepita kunywa maji, kainua ndoo kidogo akachungulia. Mbona jicho moja? Nikamwambia lingine kesho. Akarudisha ndoo taratibu.