Kushika Tama Pamoja

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumanne tulikuwa msibani Mbagala. Mama mfiwa alikaa mkekani, mgongo ukutani, kashika tama. Tulioingia tulimpa pole, tukakaa, tukanyamaza. Baada ya muda nikainua macho: dada wa kulia kwangu kashika tama. Bibi aliyekaa mlangoni naye vivyo hivyo. Ndipo nikahisi shavu langu liko kwenye kiganja, kiwiko kimekaza gotini, na sikumbuki niliuinua mkono saa ngapi.

Mwaka 1999 Tanya Chartrand na John Bargh, waliokuwa Chuo Kikuu cha New York, walichapisha utafiti wa jambo hilihili. Walimkalisha mtu na mwenzake asiyemfahamu, wakawapa picha za kuzungumzia. Yule mwenzake alikuwa ametumwa na watafiti. Mara ajiguseguse uso, mara atikise mguu. Aliyeketi naye akaanza kufanya vilevile bila kujitambua. Na wenye tabia ya kujiweka mahali pa wengine, wakayatazama mambo kwa macho yao, ndio walioiga zaidi.

"Furahini pamoja nao wafurahio, lieni pamoja nao waliao" (Warumi 12:15). Siku zote nimeusoma mstari huu kama kazi ya moyo peke yake. Pale mkekani niliona kwamba Muumba aliuandaa hata mkono uitii, kabla sijafikiri neno la kusema. Bwana wetu alipomwona Mariamu analia, na waliofuatana naye wanalia, alifadhaika roho yake, naye akalia machozi. Alikuwa akielekea kumfufua Lazaro, lakini machozi ya wenzake hayakumpita hivihivi.

Lakini hatumwigi kila mtu kwa kiasi kilekile. Anayetutazama machoni hutuvuta zaidi. Tunayetamani atupokee, huyo ndiye mwili unayemfuata. Na hapa ndipo penye jambo lililoninyima usingizi wiki hii. Mwaka 2008 Jessica Lakin, Chartrand na mwenzao mwingine walitoa utafiti juu ya watu waliotengwa. Waliwachezesha mchezo wa kompyuta wa kurushiana mpira, na baadhi yao wakaachwa, mpira hauwafikii. Baadaye walipokaa na mtu mwingine anayetikisa mguu, wale walioachwa walimwiga kuliko wasioachwa. Tena wanawake waliotengwa na wanawake wenzao walimwiga zaidi mwanamke kuliko mwanamume. Mwili ulikuwa unabisha hodi kwenye mlango uleule uliofungwa.

Nikamkumbuka binti mmoja wa jumuiya yetu, anafanya kazi za ndani mtaa wa pili. Tangu aanze kuja, hukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na mlango. Tukifumba macho, naye kafumba. Tukiinua mikono, yake inapanda nusu pumzi baada ya zetu. Mimi hukunja pembe ya kanga na kuizungusha kidoleni wakati wa neno. Nimeshamwona akifanya hivyo, na nikadhani ni mazoea yake tu. Huwa tunampa mkono mlangoni, chai inamfikia mwisho, kisha tunaulizana habari za watoto sisi kwa sisi. Sijui kwao ni wapi. Ni miezi sasa, na sijawahi kumuuliza.

Ewe Bwana, unisamehe. Alikuwa ananijibu, na mimi sikuwa nimemsemesha.

Jana nilikwenda kubisha anapofanya kazi. Alitoka na mikono ina povu, akaniamkia, "Shikamoo mama," huku macho yako chini. Nikamwuliza kwao. Akasema Kondoa, na mama yake anaumwa tangu Pasaka. Tulikaa kibarazani kama dakika ishirini. Alhamisi ni zamu ya nyumba yangu. Nitampitia saa kumi na moja jioni, tuje pamoja, akae kwenye kochi, upande wangu. Mama yake tumwombee kwa jina.