Matanga ya Nairobi Dam

Mimi ni Mpangani niliyepanga Pangani. Nikilisema hilo nyumbani watu hucheka, maana Pangani ya kwetu Tanzania iko mlangoni mwa mto na usiku unasikia bahari, na Pangani ya Nairobi iko kando ya barabara ya Thika na usiku unasikia matatu. Huu ni mwaka wa tisa niko hapa. Wenzangu waliokwenda Maskati na London huniambia Nairobi si ughaibuni, ni safari ya basi tu. Wao hawajawahi kumwamkia mtu "shikamoo" akawatazama kama wamekuja kumdai.

Kazi yangu ni turubai. Nashona soko la Gikomba: vifuniko vya pikapu, mapazia ya vibanda, na zaidi ya yote mahema ya kukodisha kwa harusi na matanga. Neno hilo lilinisumbua miezi ya mwanzo. Kwetu matanga ni msiba na matanga ni ya vyombo vya baharini, na mtu huelewa kwa kutazama mnaongea mkiwa wapi. Hapa ni msiba tu.

Basi mwaka jana, siku ya mvua ndogo, akaja mzee mmoja na furushi begani.

"Fundi, hii kitu utaniwekea matundu ya kamba, nifunike pikapu yangu."

Nilipoishika tu nikajua si turubai. Nyepesi, ngumu kidogo kama karatasi, imeshonwa kwa mshono wa kwenda upande upande. Nikaikunjua juu ya meza, ikazidi meza, ikafika mlangoni. Pembe tatu. Karibu na ncha kulikuwa na namba zilizobandikwa.

"Mzee, hili ni tanga."

Kijana ninayemfundisha akazima cherehani. "Matanga ya nani? Nani amefariki?"

Mzee akacheka mpaka akakaa. Halafu akasema, "Dam. Nairobi Dam ndiyo ilikufa."

Nilijua bwawa hilo la Lang'ata kwa jina, kama kituo cha matatu. Sikujua kwamba liliwahi kuwa na klabu ya mashua za tanga, Nairobi Sailing Club, wala kwamba mtu anaweza kuwa baharia wa Lang'ata. Jina lake refu lina hata wapiga mbizi ndani yake: Nairobi Sailing and Sub Aqua Club. Wapiga mbizi, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari! Mzee alifanya kazi pale ujana wake, miaka ya 1970. Aliteremsha mashua majini kwa vigari vya magurudumu, alianika matanga, na Jumapili jioni aliosha matope.

Bwawa lilianza kutumika mwaka 1953. Mto uliozibwa unaitwa Motoine, unatoka misitu ya upande wa Dagoretti. Ukishatoka bwawani watu wanauita mto Ngong. Nia ya kwanza haikuwa mchezo, ilikuwa maji ya kunywa, akiba ya mji uliokuwa unakua haraka. Bwawa la Sasumua lilikuja 1956, na Ndakaini, ambalo leo ndilo tegemeo kubwa la mji, lilikamilika 1994. Lile la Lang'ata likabaki dogo mno kwa mji huu. Ekari 88 hivi, kama viwanja hamsini vya mpira, na kina cha wastani hakifiki mita tatu.

Mwaka 1953 Kenya ilikuwa ndani ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Aprili 1954 askari walizingira Nairobi nzima wakakusanya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakawapeleka kambini. Na bwawa lilikuwa jipya, maji safi, upepo mzuri. Klabu za wakati ule zilikuwa na rangi zake kama mitaa ilivyokuwa na rangi zake, na Mwafrika aliingia kwa mlango wa kazi. Mzee wangu alikuta uhuru umeshafika zamani, wanachama wamechanganyika, ila mlango alioingilia yeye ulikuwa ule ule. Hakulalamika alipolisema. Alilisema tu, kama mtu anavyotaja namba ya nyumba.

Nilimuuliza alijifunza kuendesha? Akasema hakuna aliyemfundisha, lakini siku za kazi wenyewe wanapokuwa ofisini, mashua inahitaji "kujaribiwa" baada ya kutengenezwa. Tukaelewana.

Hapo ndipo tuliposahau pikapu. Mimi nina mjomba nahodha, nimekulia kwenye diko, pale vyombo vinapofikia, na mtu wa kuongea naye mambo ya tanga Gikomba sikuwahi kumpata. Nikamweleza letu: hufungwa kwenye foromali, ule mti mrefu wa kushikilia tanga, na ukitaka kugeuza chombo upepo uje upande wa pili, huna budi kuihamisha foromali yote kuuzunguka mlingoti, kazi ya wanaume watatu na matusi. Yeye akanionyesha la kwake linavyopandishwa kwenye mlingoti wenyewe, na chini lina boriti inayoyumba. Ukigeuza unainamisha kichwa tu. Asiyeinamisha hukumbushwa. Akanigusisha kovu juu ya sikio.

Na mashua ikipinduka? Mashua kama zile zina mlingoti wa mita sita hivi. Maji ni mita tatu. Ikipinduka chini juu, mlingoti unachoma tope na kusimama humo kama jembe, na nyinyi mnakaa juu ya tumbo la chombo mkingoja mtu wa kamba. "Mtu wa kamba alikuwa mimi," akasema.

Jumapili iliyofuata nilipanda matatu ya Lang'ata nikashuka karibu na Nyayo Highrise. Nilitafuta maji. Niliona kijani. Gugu maji limejaa ukingo hadi ukingo, na pembeni kuna watu wamelima nduma na sukuma wiki pale ambapo zamani palikuwa ziwa. Mtoto alirusha jiwe, sikusikia likidumbukia. Ng'ambo ni mabati ya Kibera.

Wapo wanaosema Kibera ndiyo iliyoua bwawa. Sikubali. Kibera ilikuwapo kabla yake. Wanubi, askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza, walikaa pale tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na jina lenyewe, Kibra, kwa lugha yao ni msitu. Bwawa ndilo lililojengwa chini yao. Kisha watu wakaja kwa maelfu, wenye nyumba wakakusanya kodi kila mwezi, na mabomba ya maji taka hayakuja. Choo kisipokuwa na bomba, bomba lake ni mto. Kinyesi na takataka vikateremka, tope likajaza kina, na rutuba ile ikalilisha gugu maji, mmea wa Amerika Kusini ambao kwa chakula cha namna hiyo unaweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 hapakuwa tena na mahali pa kupitisha mashua. Usukani unanasa. Mzee anasema siku ya mwisho aliyovuta chombo pale alivuta shamba.

Mashua mbili alisaidia kuzipakia kwenye trela zikaenda Naivasha. Nyingine hajui. Tanga alipewa badala ya pesa.

Mipango ya kusafisha haikukosekana. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Nairobi, lilianza na serikali mpango wa mito ya mji mwaka 1999. John Michuki alipokuwa waziri wa mazingira alipambana na mto Nairobi kwa ukali wake, na leo kuna bustani yenye jina lake kando ya mto huo. Mafuriko ya 2024 yalipopita, serikali ilibomoa nyumba nyingi zilizokuwa kingoni mwa mito. Gugu la bwawani nililikuta palepale.

Nilikaa kwenye ukingo kama saa moja. Kilichoniuma, mtu wa pwani, ni kwamba upepo ulikuwapo. Upepo wa saa tisa, umenyooka, wa kwenda joshi, kuukabili upepo wenyewe, bila taabu.

Na maji yenyewe hayafii pale. Mto Ngong unapita nyuma ya viwanda, unajiunga na mto Nairobi, unaingia Athi. Athi ukiteremka mbele huitwa Galana, ukikaribia pwani huitwa Sabaki, na huingia baharini kaskazini ya Malindi, upande wa Mambrui. Kilichowafukuza watu wa klabu hakikuishia kwao. Kimepita nchi nzima kuwafuata watu wenye nyavu, ambao hawana trela ya kuhamia Naivasha.

Kifuniko nilimaliza siku ya tatu. Mzee alitaka namba zibaki, zionekane juu, akasimama nyuma yangu mpaka nikapima upya. Pembe zilizobaki nilimwomba, akanipa, na kwenye bei akakata shilingi mia mbili mwenyewe bila kuniuliza. Nilizikunja nikazipeleka kwa basi, Mombasa, Lungalunga, Horohoro, Tanga, hadi kwa mjomba.

Akanipigia baada ya wiki mbili. Ametia kiraka kwenye dau lake. "Kitambaa gani hiki, mwanangu? Kinateleza, hakishiki uzi wetu. Nimevunja sindano mbili."

Nikamwambia kimetoka bwawa la Nairobi.

"Nairobi kuna vyombo?"

"Vilikuwapo, mjomba."

"Basi uliza kama kimebaki kingine," akasema, "maana kwa upepo kinashika vizuri."